Mkaa wa Sado na Msitu wa Pugu

Nilikulia Ukonga, Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Pugu, na baiskeli za mkaa zilipita kwetu alfajiri, kabla daladala hazijaanza kujaa. Wenyewe walikuwa wametoka Kisarawe usiku, magunia yamefungwa nyuma kwa mipira, na kila walipofika penye mwinuko walishuka wakasukuma. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msitu wa Pugu ulikuwa jirani kiasi kwamba biashara nzima iliwezekana kwa baiskeli.

Nyumbani tulikuwa na majiko mawili. Jiko la Mchina, la mafuta ya taa, lilikuwa la chai, wali na mboga. La mkaa, kazi ya mafundi wa Gerezani, lilikuwa la maharage, makande na siku za shughuli. Mafuta ya taa yalinuka, utambi ulitoa masizi, na mama hakuyapenda hata kidogo. Ila yaliuzwa kwa kipimo. Ungeweza kumtuma mtoto dukani na chupa, akarudi na ya kupikia siku hiyo. Mkaa nao ulikuwa hivyo hivyo: kopo, ndoo au sado, kile kindoo cha rangi ambacho mpaka leo ndicho mizani ya masoko yetu. Nyumba yenye mshahara wa mwisho wa mwezi huweza kununua gunia. Nyumba inayokula kutokana na biashara ya siku hununua moto wa siku.

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na naamini ndilo linaloeleza yaliyoupata msitu kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu wananchi kukosa elimu ya mazingira. Mama yangu alijua thamani ya mti. Alikuwa na mwembe na mkorosho uani, na asingekuruhusu kukata tawi. Alichokosa ni nishati nyingine ya kununua kwa kiasi alichoshika mkononi.

Kisha mafuta yakapanda bei. Ilikuwa polepole, na jiko la Mchina likaanza kukaa chini ya meza siku nyingi zaidi. Hatukuwa peke yetu. Kati ya mwaka 2001 na 2007, sehemu ya kaya za Dar es Salaam zilizopikia mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Jiji lenyewe lilikuwa likifurika: sensa ya 2002 ilihesabu watu wasiozidi milioni 2.5, ya 2012 ikakuta zaidi ya milioni 4.3. Serikali ilijaribu kupiga marufuku mkaa mwanzoni mwa 2006. Bei ikaruka, watu wakalalamika, na katazo lenyewe halikudumu, kwa sababu hakuna aliyetuonyesha tupikie nini kesho yake.

Pigo la mwisho lilikuja na bajeti ya 2011. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, uchakachuaji uliokuwa ukiua injini za magari nchi nzima. Ili kuukomesha, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi 400 na ushei. Injini zilihitaji kulindwa, sikatai. Lakini gharama ililipwa na jikoni, na jikoni kukaikabidhi kwa miti. Jiko letu la Mchina lilipewa mtu wa vyuma chakavu.

Kufikia wakati huo baiskeli zilikuwa zimepungua barabarani kwetu. Mkaa sasa ulikuja kwa malori, magunia ya lumbesa yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha gari, ukitoka Morogoro, Handeni, Kilwa. Watafiti waliofuatilia misitu inayolizunguka jiji walikuta kwamba mwaka 1991 uchomaji mkaa ulikuwa umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2005 ulikuwa umesogea hadi kilomita 50. Ni kama kilomita mbili kila mwaka. Sisi tulioishi njiani tuliona hesabu hiyo kwa macho: kwanza baiskeli, kisha pikapu, kisha Fuso. Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya kale yenye mimea na ndege wasiopatikana kwingi duniani, ilibaki na mapengo makubwa. Leo imeunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na wanafunzi hupelekwa huko kutembea. Nafurahi kila nionapo basi la shule likielekea Pugu. Ila ulinzi wa Pugu haukupunguza hata sado moja katika jiji. Tanuri la mkaa lilihamia kwenye miombo ya watu wengine.

Na tanuri la udongo ni mlaji. Katika kilo 100 za magogo hutoka mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Zilizobaki huwa moshi na majivu porini, ambako hakuna anayepika chochote.

Ndiyo maana habari za Kilosa, mkoani Morogoro, zilinigusa. Kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa huko vilianza kuvuna mkaa kwa mpango. Katika msitu wa kijiji hutengwa eneo dogo la mkaa, likagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, na kinapokatwa kimoja, cha jirani yake huachwa kimesimama. Visiki havichimbwi. Miti ya miombo huchipua yenyewe, na kitalu hupumzishwa miaka 24 kabla ya kukatwa tena. Ushuru huingia kijijini na kujenga madarasa na zahanati. Wapo wahifadhi wanaochukia kusikia neno mkaa, wanataka ufutwe mara moja. Mimi nasimama na Kilosa, kwa sababu mwanakijiji anayepata zahanati kutoka msituni ana sababu ya kuulinda usigeuzwe shamba la ufuta.

Mjini nako mambo yanasogea. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huo unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi midogo ya gesi imegawiwa mikutanoni kwa maelfu. Jirani zangu wengi wanayo. Lakini kuujaza mtungi wa kilo sita hugharimu zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na mama ntilie wa mtaani kwetu, anayeanza asubuhi na mtaji wa siku, huuweka mtungi mtupu pembeni na kutuma mtoto akalete mkaa wa sado.

Teknolojia ya kuuza gesi kwa kipimo, ya shilingi elfu moja, unalipia kwa simu na mita inafunguka, tayari ipo Dar es Salaam. Ningependa fedha zinazonunua mitungi ya kugawa ziende huko: mita ifike Ukonga, Mbagala na Tandale, na mama ntilie aweze kununua gesi ya elfu moja asubuhi anapowasha jiko.