Kiarabu cha Cairo, Kiarabu cha Nyumba ya Mungu

Vijana wa kwetu wanaotamani kuja Misri kusoma huniuliza jambo moja mara kwa mara: je, miaka tuliyokaa madrasa inasaidia chochote huku, au mtu akifika anaanza upya? Jibu linawahusu pia wazazi wao na kamati za misikiti yetu, kwa hiyo nimeona niliandike kwa urefu.

Nianze na nyumbani. Mto Pangani ulipozuiwa katikati ya miaka ya 1960, maji ya Kikuletwa na Ruvu yalijaa kwenye tambarare chini ya Milima ya Upare, perege wakazaliana, na watu wakamiminika kutoka kila upande. Vijiji vya wavuvi vikaota kando ya bwawa hilo, Bwawa la Nyumba ya Mungu, na madrasa zikaota pamoja navyo. Hadi leo, baada ya swala ya Alasiri, watoto hukaa mkekani, wakubwa nyuma na wadogo mbele, wakiimba kwa sauti moja: alifu fataha a, alifu kisira i, alifu dhuma u. Kutoka hapo wanapanda hadi Juzuu Amma. Siku ya maulidi mtoto wa miaka tisa husimama mbele ya umati na kusoma mlango mzima wa Barzanji bila kuchungulia kitabu, na kina mama wakapiga vigelegele. Hiyo ni kazi kubwa, na anayeibeza hajawahi kuijaribu. Lakini mwulize mtoto huyo amesoma nini, atanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Huku Cairo mambo yanaanzia upande wa pili. Mgeni anayetaka kuingia Chuo Kikuu cha Al-Azhar hupimwa lugha kwanza, na ambaye hajaiva hupelekwa kuisoma ngazi kwa ngazi, kwa mfano katika Kituo cha Sheikh Zayed kilichopo Nasr City. Darasani unakaa na Mwindonesia, Mnigeria na kijana wa Dagestan, na hamna lugha nyingine ya kuelewana isipokuwa hicho Kiarabu mnachokitafuta. Mwalimu hasemi kingine tangu saa ya kwanza. Anakuuliza umekula nini, unaishi na nani, umekuja kwa miguu au kwa basi dogo. Unamjibu kwa maneno machache uliyo nayo, naye anayanyoosha na kukuuliza tena. Kwa mtu aliyezoea kufungua mdomo pale tu anapokuwa na hakika ya kila irabu, huo ni ulimwengu mwingine.

Ukitoka darasani, mtaa nao unafundisha. Wamisri wana Kiarabu chao cha mazungumzo, kilicho mbali na kile cha vitabuni, na mwanafunzi anabeba vyote viwili kwa wakati mmoja. Karibu na ninapoishi kuna mzee muuza mboga ambaye aligundua mapema kwamba mimi ni mwanafunzi. Nikinyoosha kidole kwenye kitu, anakiinua juu, anataja jina lake polepole, na hanipi mpaka nilitamke kwa usahihi. Wateja wengine wanasubiri bila kunung'unika, wapo wanaosaidia. Kwa muuza samaki ni hivyo hivyo. Pale wamepangwa ndugu wa perege wetu, ambao Wamisri huwaita bulti, na mimi niliyekulia kando ya bwawa nina mengi ya kusema kuhusu samaki. Nilijua namna ya kumkagua mashavu na macho. Nililazimika kupata maneno ya kubishania bei yake. Niliyapata haraka kuliko nilivyowahi kupata kanuni yoyote ya nahau.

Sasa nirudi kwenye swali. Madrasa inasaidia, tena sana. Sauti zinazowatesa wenzangu wengi, ile aini na ile ha ya kooni, sisi tulizizoea mkekani tukiwa hatujaota meno ya pili. Na waliobahatika kuhifadhi Ajurrumiyya nyumbani, kile kitabu kidogo cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, hukikuta huku kikifundishwa pamoja na sharhe ya Muhammad Muhyi al-Din Abd al-Hamid, mwanachuoni wa Misri. Maneno waliyoyabeba kifuani miaka yote yanaanza kufunguka moja baada ya jingine. Kwa hiyo siungi mkono wanaosema tuache kuhifadhisha. Mwenye hazina kifuani anahitaji ufunguo tu.

Na ufunguo huo tunao wenyewe. Tazama mwaloni kwetu asubuhi. Kina mama wa Kimaasai wanaleta maziwa kutoka upande wa Simanjiro, wachuuzi wanashuka kutoka Moshi, na mtoto wa Kipare aliye katikati yao anahesabu kwa Kimaasai, anasalimia kwa Kichaga na kubembeleza bei kwa Kiswahili. Hakuna aliyemchapa ili ajue. Amejua kwa sababu lugha hizo zina kazi mbele ya macho yake. Mtoto huyo huyo akifika madrasa jioni, Kiarabu anakikuta hakina kazi ila kusomwa. Ustadhi akisalimiana naye kwa Kiarabu, akahesabu naye samaki na nyavu kwa Kiarabu, na kila sura fupi inayohifadhiwa ikaambatana na maana yake, mtoto atashika kama alivyoshika Kimaasai. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ipo kamili tangu 1969. Kinachohitajika ni kuiteremsha kwenye rafu na kuifungua mbele ya watoto.

Lakini nani atafanya kazi hiyo? Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya huku na nyumbani. Msikiti wa Al-Azhar uliswaliwa kwa mara ya kwanza mwaka 972, na kwa karne nyingi wanafunzi wake walikaa katika riwaki, yaani makao yao msikitini, kwa kufuata nchi zao: Wamaghribi, Washami, na Wajabarti wa Pembe ya Afrika. Mikate yao ya kila siku na posho za walimu zilitoka kwenye mali za wakfu. Elimu ile haikusimama kwa akili peke yake, ilisimama kwa tonge. Ustadhi wetu anategemea ada ya Alhamisi, sarafu chache mkononi mwa mtoto, na bwawa linapofungwa ili samaki wazaliane hata hizo hukatika. Anakwenda kulima, watoto wanatawanyika.

Pendekezo langu kwa kamati za misikiti ya kando ya bwawa ni hili: changeni mnunue mtumbwi na nyavu, viwe wakfu wa madrasa. Kila mvuvi anajua kwamba mapato ya usiku yana fungu la chombo na mafungu ya wavuvi. Wavuvi wachukue ya kwao, na fungu la chombo liende kwa ustadhi, sehemu yake ikiwekwa akiba ya miezi ya kufungwa. Sisi tulio nje tutachangia, na likizo tutakuja kukaa mkekani kufundisha maana pamoja naye. Kijana atakayetoka kwetu baada ya hapo kuja Cairo atakuja kuongeza elimu, na asiyepata nauli hatakosa Kiarabu.