Kiganja cha Mama

Mama alikuwa na kiganja kipana kilichonuka sabuni ya kufulia na vitunguu. Kwa miaka mingi kiganja hicho ndicho kilichokuwa bodi ya kukagua filamu nyumbani kwetu Gatwekera, Kibera. Tukipita kwa jirani mwenye runinga na watu wakaanza kubusiana, kilinitua usoni pap!

Sinema ya kwanza niliitazama bila kufunikwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Wainjilisti walikuja na jenereta na projekta, wakatundika shuka jeupe uwanjani, wakatuonyesha *Jesus*, ile filamu ya 1979 ambayo Mwingereza Brian Deacon aliigiza kama Yesu. Kwetu alisema Kiswahili kumshinda mwalimu wangu wa darasa la nne. Misumari ilipoanza kugongwa nilijifunika mwenyewe. Mama akaniondoa mikono. "Tazama," akasema.

Likizo ilipofika nikaenda kwa shangazi, Kawangware. Binamu zangu wakanipeleka kwenye video show: kibanda cha mabati, mianya imezibwa kwa magunia, tumebanana kwenye mabenchi kama maharagwe guniani. Arnold Schwarzenegger, ndani ya *Commando*, aliwafyeka watu nasi tukishangilia. Habari zilinitangulia nyumbani. Nilipochapwa nikathubutu kuuliza: mbona damu ya uwanjani niliambiwa nitazame?

"Ile ilimwagika kwa ajili yako," Mama akajibu. "Hii inamwagika bure."

Nilidhani amekwepa swali. Baadaye DJ Afro alipotia maneno yake ya mzaha juu ya sinema za mapigano, vibanda vya Kawangware vikajaa vicheko, nami nikacheka na wenzangu. Damu ya bure ilikuwa tamu.

Halafu ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi uliozozaniwa, majirani waliokopeshana chumvi na unga waligeuziana mapanga. Tulikimbilia kwa shangazi, na Kawangware nako hakukuwa shwari. Usiku ule kiganja cha Mama kilinifunika tena, ingawa nilishakuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Mwaka wa 2010 ikatoka *Togetherness Supreme*, iliyopigwa Kibera kwenyewe pamoja na vijana wa mtaa, kuhusu ghasia zilezile. Mchungaji wetu, aliyekuwa akihubiri kwamba sinema ni mlango wa Shetani, akakubali tuionyeshe kanisani. Wazee walinung'unika. Akawajibu kwamba Biblia haikuficha yaliyompata Tamari binti Daudi, wala yule suria wa Mlawi katika Waamuzi. Kama Mungu aliona yaandikwe, basi sisi tunaweza kuyatazama.

Nilikaa kando ya Mama. Moto ulipowaka kwenye ukuta wa kanisa, nikainua kiganja changu nimfunike. Akakishusha.

"Wacha. Hii si ya bure."

Taa zilipowashwa hakuna aliyeinuka. Tulizoea kukemea dhambi zilizo kwenye filamu. Siku hiyo filamu ilitukuta sisi na zetu.

Tangu hapo kipimo cha Mama ndicho nilichotumia na vijana ninaowafundisha kanisani. Kikanishinda mwaka wa 2018. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku mwezi wa Aprili. Septemba, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, watu wazima waione. Watu wakafurika ukumbi wa sinema wa Prestige, Ngong Road, mwendo wa miguu tu kutoka Kibera. Vijana wangu wakaniuliza: twende, tusiende? Humo hakukuwa na damu nyingi ya kupima.

Nilienda peke yangu. Niliporudi nilimkuta Mama akichambua mchele kwenye ungo.

"Ile ni dhambi," akasema kabla sijaketi, na mpaka leo hajabadili kauli. Lakini punje kadhaa baadaye akauliza, "Na hao wasichana, waliwafanyaje?"

Nikamweleza: umati uliwapiga, kisha mmoja akapelekwa kanisani aombewe pepo limtoke.

"Alipelekwa na nani?"

"Na mamake."

Ungo ukatulia. Kiganja chake kikabaki juu ya mchele, kimefunguka.