Mashine ya Kusaga Taka na Mawese: Kazi ya Fundi Bomba Gitega na Muyinga

Mashine ya kusaga taka hufungwa chini ya sinki la jikoni, pale ambapo bomba la maji machafu huanzia. Haina visu, ingawa wenye nyumba wengi huamini inavyo. Ndani yake mna sahani ya chuma inayozungushwa na mota, na juu ya sahani hiyo vyuma viwili vinavyochezacheza, ambavyo hurusha mabaki ya chakula kwenye pete yenye meno iliyozunguka ukuta wa ndani. Yakishasagika, maji ya robine huyasukuma hadi bombani. Aliyeibuni ni John W. Hammes, msanifu majengo wa Racine, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mwaka 1927. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1938. Mashine hiyo hutegemea umeme usioyumba na mtandao wa mabomba ya maji machafu, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua itadumu muda gani ikifika Burundi.

Fundi bomba anayesimuliwa hapa alijifunza kazi Muyinga, chini ya fundi mzee aliyehudumia mikahawa na nyumba za wafanyabiashara karibu na soko. Huko mashine hizo hazikuwapo. Ujuzi ulikuwa wa mikono na pua: ndoo kwanza, spana baadaye, kisha kutazama kilichoganda kabla ya kukitupa, kwa sababu uchafu wenyewe hueleza ulikotoka. Mchele ulimaanisha sahani hazikupanguswa. Mchanga ulimaanisha bomba limepasuka ardhini. Sifoni na gasketi zilizotoka Tanzania zilipitia mpaka wa Kobero, na mzee huyo alizipima moja moja kwa kidole, akizikataa zenye ukingo usio sawa. Ukali huo ulimfaa mwanafunzi kuliko cheti chochote.

Mwaka 2019 Gitega ilifanywa rasmi mji mkuu wa kisiasa, kazi za ujenzi zikaongezeka, na fundi akahamia huko kwa barabara ya Karuzi. Ndipo alipokutana na mashine ya kusaga taka, katika majiko ya watu waliowahi kuishi Marekani na kurudi na vyombo vyao.

Uchunguzi wake huanza kwa sikio. Mashine iliyo kimya kabisa haipati umeme: hukaguliwa plagi, halafu fyuzi, halafu kitufe chekundu kilicho kitakoni, ambacho hujitokeza chenyewe mota inapozidiwa. Mota huachwa ipoe ndipo kitufe kibonyezwe. Mashine inayovuma bila kuzunguka imekabwa na kitu, mara nyingi mfupa wa mbuzi, kijiko au kizibo cha soda. Hapo plagi huchomolewa, maana kuzima swichi hakutoshi, na mkono hauingizwi ndani hata kidogo. Kinachoingia ni koleo refu na mwanga wa tochi. Katikati ya kitako kuna tundu la pembe sita la kuzungushia mota kwa nguvu za mkono. Tundu hilo ni la robo inchi, yaani milimita 6.35. Alenki ya milimita 6, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, huonekana inaingia, lakini ikikazwa huteleza na kula kona za tundu mpaka likawa duara, na baada ya hapo hakuna cha kushika. Fundi anayezithamini mashine hizi hutafuta alenki ya inchi na haiazimishi.

Umeme ni shida nyingine. Mota ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa Burundi ni volti 220 na mizunguko 50. Ikichomekwa moja kwa moja, huungua. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi mizunguko, kwa hiyo mota huenda polepole zaidi na kupata joto.

Mvujo husomwa kwa mahali maji yanapotokea. Yakitoka juu, kiungo cha sinki kimelegea au gundi yake ya kuzibia imekauka. Ubavuni, gasketi ya bomba la kutokea imechoka. Yakitoka kitakoni, sili ya ndani imekwisha na maji yamekaribia mota, na hapo kutengeneza ni kupoteza fedha za mwenye nyumba.

Hata hivyo, wito mwingi wa Gitega haukuhusu mashine. Mama mwenye nyumba alisema mashine imekufa, kumbe sahani inazunguka vizuri na maji ndiyo yamesimama. Chanzo kilikuwa mawese. Mafuta hayo hutoka kwa wingi upande wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako joto huyasaidia kubaki laini. Gitega iko nyanda za juu, mita 1,500 na zaidi, na ubaridi wa usiku wa kiangazi huyagandisha. Yakimwagwa yakiwa moto huonekana yameondoka. Yakifika kwenye kona ya sifoni huganda, na ugali wa muhogo uliosagwa laini hunata juu yake. Sifoni ikifunguliwa hutoka kipande kizima chenye umbo la bomba lenyewe, rangi ya chungwa pembeni na kijivu katikati, maganda ya maharage yakionekana kwenye mkato. Kumwaga maji ya moto peke yake huyayeyusha tu yakagande mbele zaidi, chini ya sakafu, mahali pagumu kufikiwa. Dawa ni kuyatoa kwa waya na mikono, kisha kuosha kwa maji ya moto na sabuni. Maelekezo ya mashine hushauri maji baridi, ili mafuta yabaki magumu na kukatwakatwa. Ushauri huo unatosha kwa mafuta machache ya sahani, si kwa sufuria ya sombe, yaani kisamvu cha mawese. Sufuria hiyo hupanguswa kwa karatasi au jani la mgomba kabla haijafika sinkini.

Kuna pia tangi. Nyumba nyingi za Gitega na Muyinga humwaga maji machafu kwenye tangi au shimo lililo ndani ya ua, na chakula kilichosagwa hulijaza tope mapema. Tena chakula hicho kina wenyewe: maganda ya ndizi ni ya mbuzi, makombo ni ya kuku, kilichobaki ni mbolea ya migomba. Kwa sababu hiyo fundi, akiulizwa, hushauri mashine iliyochoka iondolewe isibadilishwe.

Kuondoa si kazi ndefu. Umeme hukatwa, bomba la kutokea hufunguliwa, mashine hushikiliwa kwa mkono mmoja wakati pete ya juu inalegezwa, maana ni nzito. Shingo ya sinki husafishwa, kichujio cha chuma hufungwa mahali pake, na bomba la wima huunganishwa na sifoni mpya. Waya ulioachwa hufunikwa vizuri ndani ya kisanduku. Kisha sinki hujazwa maji hadi juu na kuachiliwa kwa mara moja, karatasi kavu ikipitishwa kwenye kila kiungo. Penye unyevu hukazwa, na sinki hujazwa tena.