Je, Fundi Atanunua Kitabu?

Mimi ni katekista, wala si mtu wa biashara. Seminarini nilifundishwa Kilatini kidogo, falsafa kidogo, na kuimba. Hesabu ya faida na hasara hakuna aliyenifundisha. Hata hivyo nimejikuta nikizunguka soko la Minembwe wiki nzima, daftari mkononi, nikiuliza watu habari za kununua na kuuza, hata wengine wakadhani nimeacha dini nimeingia katika kodi.

Sababu yake ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya wakimbizi ya Gatumba, nchini Burundi, ilishambuliwa, na watu zaidi ya 150 wakauawa. Yeye aliokoka. Miaka michache baadaye alipelekwa Marekani pamoja na wengine waliookoka, na huko akapata kazi ambayo sisi wa milimani hatukujua kuwa ni kazi: kuosha vioo vya madirisha ya watu. Alianza kama kibarua wa mtu mwingine, akibeba ngazi na ndoo. Leo ana gari lake, vijana wawili, na orodha ya nyumba na maduka anayoyarudia kila mwezi.

Basi, akaniletea ujumbe kwa simu. Alitaka kuandika kitabu cha kufundisha jinsi ya kuanzisha na kukuza biashara ya kuosha madirisha, kwanza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wenzetu wanaofika huko bila kazi, halafu kwa Kiingereza. Gharama ya kuchapa na kusambaza aliikadiria dola 3,000, na fedha hizo anazo. "Mdogo wangu," aliandika, "wewe ni mtu wa vitabu. Niambie kweli, mafundi watakinunua?"

Swali hili lingekuwa la kuchekesha, kama nisingalijua fedha zile ni za nini. Tangu mwaka 2017 vijiji vingi vya milima yetu vimechomwa na ng'ombe wameporwa, na nyumba ya mama mkubwa ni mojawapo ya zilizoteketea. Sasa analala katika chumba cha nyuma nyumbani kwangu, pamoja na mahindi na majembe. Dola zile 3,000 kaka alikuwa akiziweka kidogo kidogo ili amjengee mama yake. Ndiyo kusema, nikijibu kwamba mafundi watanunua, fedha zinakwenda kwa mchapaji. Nikijibu hawatanunua, huenda nikaua jambo jema kwa kuwa tu mama mkubwa anakohoa usiku na mimi namsikia. Sikumwambia mama mkubwa neno lolote.

Kuuliza habari za vioo hapa kwetu hakufai. Madirisha yetu mengi ni ya mbao, hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na kioo utakiona katika majengo machache tu. Lakini niliona moyoni kwamba fundi ni fundi. Tunao mafundi cherehani, maseremala, waashi, washona viatu, na vijana wanaochaji simu za watu kwa umeme wa jua. Nikawauliza 12 kati yao: "Kama kingekuwapo kitabu cha Kiswahili cha kukufundisha kuendesha kazi yako ili ikupe faida, ungekinunua?"

Watu 11 walisema ndiyo. "Ee, katekista, kilete tu!" Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mvuvi wa Baraka aliyejaza mtumbwi. Usiku furaha ikapungua, maana nilikumbuka kwamba watu hao hao hunijibu ndiyo ninapowauliza kama watafika katika mafundisho ya Jumamosi. Kwetu mtu hamkatalii mwalimu wa dini usoni.

Wa kumi na mbili, seremala mzee, ndiye aliyesema hapana, naye peke yake ndiye aliyenifundisha kitu. Alikuwa akipiga randa ubao wa mlango wala hakusimama kwa ajili yangu. Alisema: "Katekista, mimi kazi yangu naijua. Kitabu cha nini? Huyu mwanafunzi wangu ndiye asiyejua, lakini mfuko wake una vumbi la mbao tu. Mwenye fedha hana haja, mwenye haja hana fedha. Sasa utamwuzia nani?" Kisha akaongeza, kwa ukali kidogo: "Tena, mkiandika siri za kazi kwa franka elfu moja, nani atanifagilia karakana miaka miwili?"

Niliona haya, maana hoja hiyo sikuifikiri kabisa.

Zamani, katika maktaba ya seminari, nilisoma habari za Samuel Smiles wa Uingereza. Mwaka 1859 alitoa kitabu kiitwacho Self-Help, cha kuwahimiza watu wa kazi za mikono wajiendeleze wenyewe, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 20,000. Mtu akisikia hesabu hiyo hukimbilia kwa mchapaji. Lakini tazama kilichotangulia. Vijana wachache wa mji wa Leeds, watu maskini, walianza wenyewe kukutana jioni na kufundishana kusoma na kuhesabu. Walipozidi kuwa wengi wakakodi chumba kibovu kilichowahi kuwa hospitali ya wagonjwa wa kipindupindu, na mwaka 1845 ndio wao waliomwendea Smiles wakamwomba aje azungumze nao. Hata hivyo, alipoupeleka mswada wake, mchapaji wa kwanza aliukataa. Kumbe wasomaji walikuwapo miaka 14 kabla ya kitabu! Kaka yangu alikuwa akitaka kuanza na kitabu, kisha awatafute wasomaji.

Mwingine ni Joseph Moxon, mchapaji na mtengeneza ramani wa London. Mwaka 1678 alianza kuandika habari za ufundi, kwanza kazi ya mhunzi, kisha useremala na nyinginezo, lakini hakukitoa kitabu chote mara moja. Alikitoa vipande vipande, kila mwezi kijitabu. Mtu alinunua kipande kimoja, akiona kinafaa alirudi kwa kingine. Baadaye mji ulijaa habari za njama dhidi ya mfalme (njama ya uongo, ambayo Wakatoliki wasio na hatia waliuawa kwa ajili yake), na wateja wake wachache wakaacha kununua, naye akasimama miaka kadhaa. Jambo hilo nalielewa vizuri. Milio ya bunduki ikisikika asubuhi, hata chumvi haiuziki siku hiyo, sembuse karatasi.

Basi nikaazimia kujaribu kama Moxon. Nilikwenda kwa fundi cherehani mmoja, rafiki yangu, tukakaa jioni tatu tukiandika habari ya kitu kimoja tu: jinsi ya kupanga bei ya shati la shule. Kila mwaka kabla ya Septemba mafundi wetu hushona usiku na mchana, na Oktoba ikifika hawana kitu. Tulipiga hesabu hivi. Mama mwenye mtoto huleta kitambaa chake. Fundi hutoza franka 3,000 kwa shati. Uzi na vifungo ni franka 800. Hivyo katika mashati 10 anapokea 30,000, anatoa 8,000, anabaki na 22,000. Mashati 10 ni kazi ya siku 5, basi yeye husema moyoni, "Napata 4,400 kwa siku, namshukuru Mungu." Lakini katika watu 10, watatu huchukua shati kwa deni na hawarudi. Hizo ni 9,000. Zimebaki 13,000, yaani 2,600 kwa siku, na bado hatujahesabu sindano iliyovunjika, mafuta ya cherehani, wala mkanda unaokatika kila mwaka. Rafiki yangu aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Kisha akaifunika kwa kiganja chake, kama mtu anayefunika kidonda.

Nilinakili maandishi hayo kwa mkono katika vijitabu 6 vya kurasa 8. Sikuviweka parokiani. Nilikuwa nimesoma habari za soko la Onitsha, kando ya mto Niger huko Nigeria, ambako tangu miaka ya 1940 mpaka vita vya Biafra vijitabu vyembamba vya bei rahisi viliuzwa mle mle sokoni kwa wachuuzi, madereva na wanafunzi. Kwa hiyo nilimpa mama mmoja anayeuza sabuni na madaftari, bei franka 1,000, naye achukue 200 katika kila kimoja.

Wiki ya kwanza hakikununuliwa hata kimoja. Wale 11 walipita mezani, wakasalimu, wakasifu mwandiko wangu, wakaenda zao. Wiki ya pili seremala kijana alinunua, akakirudisha kesho yake kwa kuwa kinasema habari za nguo. Mama wa sabuni, mtu mwema, akamrudishia fedha zake. Fundi cherehani mmoja hakununua, ila alimtuma mwanafunzi wake asome akiwa amesimama pale mezani, kisha arudi amsimulie. Mwanafunzi alisoma siku mbili, mpaka akafukuzwa.

Wiki ya tatu wakaanza kununua watu ambao sikuwafikiria, wala seremala mzee hakuwafikiria. Walikuwa wazazi. Huku kwetu mzazi akimpeleka mtoto kujifunza ufundi humpa fundi kitu, mbuzi au fedha. Mzazi aliyekwisha kutoa mbuzi haoni shida kutoa franka 1,000 zaidi ili mbuzi wake asipotee bure. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba yeye hajui kusoma, lakini anataka mwanawe ajue mambo ambayo fundi anamficha. Mpaka wiki ya tano wazazi walikuwa wamenunua vinne. Kimoja katika hivyo kilipita katika mikono ya watu 9; nilikiona tena kimepoteza jalada na kimeongezwa hesabu za mtu mwingine pembeni, tena hesabu nzuri kuliko zangu. Kimoja kililowa mvua. Cha sita ninacho.

Franka 3,200 ndizo nilizopata kwa kazi ya jioni nyingi. Nimeona pia kwamba kitabu cha nyimbo hununuliwa na fundi yule yule anayedai hana fedha, na sababu si utakatifu peke yake. Jumapili asipokuwa nacho anabaki kinywa wazi katikati ya watu.

Nikamwandikia kaka barua ndefu. Nilimwambia: "Yaya, mafundi wenye kazi yao hawatanunua. Wanaoosha madirisha tayari watasema wanajua, na wengine watakukasirikia. Watakaonunua ni wanaotaka kuingia, au watu wao wanaowahangaikia. Hao fedha hawana nyingi, na hawana sababu ya kukuamini kabla hawajaona." Nilimkumbusha kifaa chake mwenyewe, kile cha shaba chenye ukanda mmoja wa mpira, ambacho Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia, alikitengeneza huko Oakland, California, mwaka 1936. Fundi hukivuta mara moja juu ya kioo na kuona kama kinafaa. Kitabu hakivutwi juu ya kioo. Kinataka fedha kwanza, na ushahidi baadaye. Kwa hiyo aandike sura moja, ile anayojua kwamba inawapotezea watu fedha, aiuze kwa bei ndogo kwa wageni wanaofika mjini kwake, aone kama watarudi kuulizia ya pili. Kazi hiyo haihitaji dola 3,000. Mwishoni niliandika kwamba mama yake analala pamoja na mahindi. Nilifuta mstari huo mara mbili, nikauandika mara tatu.

Nakiri kwamba sijui kama nilimjibu kama mtu wa vitabu au kama mtoto wa mama mkubwa. Fundi yule wa cherehani aliniambia jibu ni lile lile kwa vyovyote, basi nisijitese. Sina hakika. Vijitabu vinne kwa wiki tano, katika soko ambalo nusu ya watu wake wamekimbia, si kitu kidogo sana, na mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wangu angeweza kuona humo mwanzo wa mambo.

Kaka alikaa kimya wiki mbili. Kisha zikaja fedha za mabati, na pamoja nazo sura moja aliyoiandika kwa simu, yenye makosa mengi ya herufi lakini safi katika mambo yake. Inaeleza jinsi ya kumtajia mteja bei: hesabu vioo kwanza, ndani na nje, ndipo uangalie urefu wa ngazi, ndipo useme, na ukishasema usipunguze kabla hujaulizwa. Inaeleza pia kwamba faida haimo katika kuosha mara ya kwanza, imo katika kurudi kila mwezi.

Mabati yanapandishwa mlimani mgongoni mwa watu, machache machache, kadiri njia inavyoruhusu. Jioni nilimsomea mama mkubwa sura ile ya mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, akaniomba nirudie mahali pa ngazi, akauliza kama ngazi hiyo ni ndefu kupita mnara wa kanisa. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na huyo mwenye nyumba," akasema, "kwani ni mgonjwa? Mbona haoshi mwenyewe?"

Nimempelekea kaka swali hilo, naye amejibu kwamba atalitafutia mahali katika sura ya pili.