Redio ya Dukani na Vidole vya Bibi

Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne alisema juzi, mbele ya wakubwa, kwamba wazee wa kijiji chetu cha Mkumbi ni wagumu wa kushika teknolojia. Maneno hayo yaliniudhi. Nimekulia kijiji hichohicho, na nilimwona bibi yangu akikimudu kila chombo kilichomfikia, mpaka vilipokuja vile ambavyo aliyevitengeneza hakumfikiria mtu kama yeye.

Cha kwanza ninachokikumbuka ni redio ya dukani. Ilikaa rafuni kati ya sabuni za mche na viberiti, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Duka zima lilinuka mafuta ya taa na magunia ya kahawa yaliyosubiri kupelekwa chama cha ushirika. Betri zikichoka, mwenye duka alizianika juani juu ya bati, na jioni zilirudi na nguvu ya kutosha taarifa ya habari. Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilichanganyika na lugha yetu ya Kimatengo, lakini akipita akakuta mawimbi yanakoroma, aliingia, akashika kifundo kwa vidole viwili na kukizungusha polepole, kichwa amekiinamisha, hadi sauti ya Radio Tanzania ikasafika. Mwenye duka alimwachia; wateja wenye macho mazuri na shule kichwani walikuwa wanapitiliza stesheni. Yakianza matangazo ya vifo, watu wote walinyamaza. Ndugu akifariki Tanga au Dar es Salaam, tulijua palepale, msomi na asiyesoma kwa wakati mmoja.

Mtu aliyelima ngoro, kilimo chetu cha mashimo milimani, hafundishwi umakini kama huo. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo na kuyalaza kwa mistari inayokatana; wanawake hufuata na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, hadi mlima mzima unakuwa mashimo yanayoshika maji ya mvua yasichukue rutuba. Bibi aliyapima mashimo hayo kwa jicho tu. Hata mashine ya mkono ya kumenya kahawa aliisikiliza kwa kiganja: mpini ukiwa mzito, alijua kuna kokwa limekwama, akasimama kabla kahawa haijapasuka.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994. Zilifika kwetu baadaye sana. Zile za vitufe hazikumsumbua: kijani kupokea, chekundu kukata. Huduma za kutuma pesa kwa simu ziliposhika kasi baada ya 2008, ndipo mlango ulipofungwa. Ukipiga namba za nyota na reli, yanakuja maandishi; uchague, uingize, uthibitishe, na ukichelewa kusoma yanajifuta uanze upya. Asiyesoma afanye nini? Bibi alimtajia mjukuu namba yake ya siri, kisha wakala, kisha jirani. Pesa ya kahawa yake ikajulikana kwa watu kabla yeye hajaijua.

Mwaka 2019 ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Bibi aliweka kidole gumba kwenye kile kioo kidogo, kikakataa. Akakifuta kwa kanga, akaweka tena. Akaweka vingine, kimoja kimoja, mikono yote miwili. Jembe na kahawa vilikuwa vimeifuta mistari yote. “Bibi, vidole vyako havisomeki,” kijana wa usajili alimwambia, kwa heshima. Laini ikaandikwa kwa jina la mwanawe. Mwanamke aliyelisha ukoo kwa vidole hivyo akawa mgeni kwenye simu yake.

Sasa ni simu za kioo kitupu, hata kitufe cha kupapasa hakuna, na kila huduma inahamia humo.

Uwezo wa vyombo umekua ajabu, wala siutamani usumbufu wa betri za juani. Lakini wanaovisanifu wamemchukulia mtumiaji kuwa kijana anayesoma, mwenye macho makali na ngozi laini. Simu inayobeba picha za video inashindwaje kumsomea mzee salio lake kwa sauti, kwa Kimatengo huku milimani, kwa Kinyasa kule ziwani? Na penye kidole kilichochakaa kwa kazi, iwepo njia nyingine inayojulikana na kila wakala, ili mkulima asajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Kabla huduma haijatangazwa, apewe kwanza mama wa shambani aijaribu bila msaidizi. Akishindwa, irudi kwa mafundi.