Nyimbo Zilizobaki Ndani ya Gari

Sisi wa kwaya tunaomba nafasi katika gazeti letu hili dogo ili tuwaelezee habari ya lile gari la shule lililouzwa mwaka 2023, mwezi wa tatu. Wengi walituona tumejifungia mule ndani usiku, wakasema tulikuwa tunajifurahisha na muziki. Hapana, wandugu. Tulikuwa tunashindana na saa.

Gari lile mlilijua: dogo, jeupe, volante upande wa kuume, kwa sababu lilitengenezwa kwa barabara za Japani, ambako magari yanapita kushoto. Lilifika kwetu likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na lilikuja na lugha yake. Kila asubuhi shofere akifungua kontakti, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani. Sisi tulidhani anatuamkia. Kumbe, tulipotafuta maana, alikuwa anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijaingizwa! Miaka yote ile mama yule alikuwa anadai kadi, na sisi tunamwitikia, “Ndiyo, Mama.”

Redio yake nayo ilikuwa na shida. Kwa Wajapani FM ilipangwa tangu zamani kuanzia 76 mpaka 90. Kwetu, kama katika nchi nyingi, inaanza 87.5 na kufika 108. Basi redio ile ilishika kipande kidogo tu. Stesheni zote zilizo juu ya 90 ilikuwa kiziwi kwazo. Ndiyo maana shofere wetu alizoea kupiga diski.

Sasa msikilize vizuri, maana hapa ndipo habari inapoanza. Mwaka 2014 kwaya ya shule ilirekodi nyimbo tisa katika diski. Nyimbo zote zilitungwa na mwalimu wetu wa zamani wa kwaya. Shofere alipoingiza diski ile katika redio ya gari, mashine haikuipiga tu. Iliandika pia kila wimbo katika diski yake yenyewe iliyofichwa nyuma ya tablo, ile inayobeba ramani za Japani. Toka siku ile nyimbo zilisikika bila kuingiza kitu chochote. Tulishangaa sana, tukasema, “Gari letu lina akili.”

Kiisha tukazembea. Diski zile chache zikaazimwa, zikakwaruzwa, zikapotea moja moja. Daftari la solfa likalowana na mvua mpaka wino ukatawanyika. Kila tulipouliza, shofere alijibu, “Batoto, mutulie. Ile nyimbo iko mu gari, haiwezi kupotea.” Na sisi tukatulia. Mwaka 2019 mwalimu wetu akafariki. Kwenye matanga tuliimba wimbo wake mmoja, lakini ubeti wa pili ukatushinda; kila mtu alimtazama mwenziwe. Hata siku ile hatukuamka.

Tuliamka siku prefe wetu alipotangaza kwamba gari litauzwa juu ya kununua mabati ya madarasa mawili, na ya kuwa mnunuzi atakuja kulichukua siku ya posho. Ilikuwa siku ya tatu. Tulikuwa na siku nne tu.

Tulikimbia na flashi ya kuazima. Tukatafuta tundu la kuiingizia: hakuna. Redio ile ilikuwa ya wakati ambapo tundu la USB halijawa jambo la kawaida ndani ya magari. Ilikuwa na tundu moja la waya, lakini ni la kuingiza sauti, si la kuitoa. Kiisha tukafungua kurasa za kioo chake, zote Kijapani, tukapitisha telefone yenye programu ya kutafsiri juu ya maandishi. Tukasoma: piga, andika, panga, futa. Tulitafuta neno “nakili nje” mpaka macho yakauma. Halikuwako. Mashine ile ilijengwa na mlango wa kuingilia bila mlango wa kutokea.

Mwalimu wa fizika alitueleza sababu. Watengenezaji walifunga mlango huo makusudi, ili mtu asiazime diski ya mwimbaji, akaipitisha garini na kuigawanya kwa watu bure. Hatuwezi kuwalaumu sana, kwa kuwa mwimbaji naye anakula kwa jasho lake. Lakini mashine haijui kwamba wimbo huu ni wa mtunzi aliyeutoa mwenyewe kwa shule. Inafunga kwa wote sawasawa.

Siku ya nne jambo lingine likazuka. Batri ya gari ilikuwa imechoka, na fundi akafika na batri mpya na ufunguo wake. Shofere akapiga kelele: “Acha kwanza! Ya rafiki yangu walitosha batri, redio ikaomba namba ya siri. Mpaka leo iko kimya!” Ni kweli. Redio nyingi za namna ile zikikatiwa umeme zinadhani zimeibwa, zinajifunga. Namba ya siri iliwekwa na mwenye gari wa kwanza, naye yuko Japani, hatumjui. Basi tuliazima batri ya pili. Fundi aliiunganisha kwa waya kabla ya kufungua ile ya zamani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, umeme usikatike hata dakika moja. Alipomaliza, redio ikawaka kama kawaida. Tulipiga makofi kama watoto wadogo.

Lakini nyimbo zilikuwa bado mule ndani. Ikabaki njia moja, nayo ni ya kale kabisa: sikio. Kama mashine haitoi maandishi yake, itatoa sauti yake. Siku ya tano jioni tulipeleka gari nyuma ya kanisa, mbali na kelele. Tulizima moteri, tukafunga vioo, tukaweka telefone juu ya sweta iliyokunjwa kati ya viti viwili. Tulikuwa wanne pamoja na shofere. Tuliagana hivi: mtu asikohoe, asisogee.

Wimbo wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili vilevile. Wa tatu ulirukaruka na kukatika, maana diski ilikuwa imekwaruzwa tayari siku ilipoandikwa. Mashine ilitunza na kilema chake. Katika wa nne mvua ikaanza kupiga juu ya gari, tukangoja karibu saa nzima. Tuliendelea polepole mpaka wa tisa, wimbo ule wa matanga. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeanzisha. Sauti yake ilijaza gari, karibu kuliko alipokuwa hai mbele yetu. Ulipofika ubeti wa pili, ule tulioupoteza, shofere wetu akaanza kuimba besi polepole. Tulimfanyia ishara anyamaze. Hakutuona, machozi yalikuwa yakishuka. Hatukuwa na moyo wa kurudia. Basi katika nakala zetu kuna besi moja zaidi kuliko mwaka 2014.

Kazi haikuishia pale. Telefone ilihifadhi sauti kwa namna yake, na tulipoweka flashi katika redio ya gari la mzazi mmoja, ilikaa kimya. Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, redio nyingi za gari zinasoma MP3, namna iliyobuniwa Ujerumani na kupata jina hilo mwaka 1995. Diski ya kawaida inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na dakika moja inakula karibu megabaiti 10. MP3 ya kawaida inapunguza hadi karibu megabaiti 1, kwa kuacha yale ambayo sikio halisikii vizuri. Hivi flashi ndogo ya gigabaiti 8 inaweza kubeba muziki wa saa zaidi ya 130. La pili, flashi yenyewe lazima ipangwe kwa namna ambayo redio inaijua. Nyingi zinataka ile iitwayo FAT32. Tulitoa nakala ya kila kitu kwanza, kwa kuwa kupanga flashi upya kunafuta yote. Tuliandika 01, 02, 03 mbele ya majina, nyimbo zifuatane. Tulipoirudisha, redio ikaimba.

Leo nyimbo nane ziko katika flashi tatu, katika kompyuta ya ofisi, na katika telefone za mama wa kwaya. Tumeziandika tena kwa solfa, sauti zote nne. Wa tatu haukupatikana mzima. Tunaomba kila mwanafunzi wa zamani anayeukumbuka, hata mstari mmoja, aje atuambie. Msikawie, kwa maana hata vichwa ni mashine isiyokaa milele.

Siku ya posho mnunuzi alifika. Shofere alimwuliza kama tufute nyimbo zetu. Akasikiliza kidogo, akasema, “Muziache.” Gari likashuka kilima likiimba, nasi tukasimama barabarani mpaka lilipopinda.

Wandugu, sisi tulikosa. Tulidhani kuweka ni kutunza. Mtu akikuambia kitu chako kiko salama mahali fulani, umwulize swali moja: kinatokaje? Kama hajui, anza kutafuta mlango leo, usingoje siku ya posho.

Ni sisi, wanakwaya wenu.