Kilo za Julai

Nilipoingia kazi ya kompyuta katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Bomet, nakala zetu zote zilikaa kwenye kabati la chuma: kanda tano, moja kwa kila siku ya kazi. Jumatatu mpya iliandikwa juu ya Jumatatu iliyopita. Kanda ya mwisho wa mwezi karani mkuu aliitoa kwenye zamu, akaiandika kwa kalamu na kuifungia. Sera ya maandishi haikuwepo. "Kijana yangu, futa chochote, ila Julai uniachie," alikuwa akisema.

Ilinichukua bonasi moja kumwelewa. Mwaka wa hesabu wa wakulima wadogo huanza Julai na kuisha Juni. Kila mwezi mkulima hulipwa kwa kilo za majani mabichi, kisha bonasi hufuata, kwa kawaida mnamo Oktoba. Mama wa Silibwet anayefika Oktoba na risiti zake kulalamikia kilo za Julai anazungumzia majani yaliyopimwa miezi kumi na mitano nyuma.

Diski ziliposhuka bei, kabati likastaafu. Tukafungiwa Bacula, programu huria iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000. Kanda zikawa mafaili makubwa ndani ya seva, yaani voliumu, kila moja na muda wake wa kutunzwa. Hakuna tena kubadilisha kanda jioni! Raha hiyo ilidumu mpaka diski ikajaa.

Waliotufungia walikuwa wameweka muda wa kutunza, lakini hawakuweka kikomo cha kuandika. Voliumu ikabaki wazi, ikinenepa kila usiku. Bacula hairudishi voliumu kazini mpaka kwanza ifungwe, kwa kujaa au kwa kutimiza muda wa matumizi, na siku za kuitunza huhesabiwa tangu ilipoandikwa mara ya mwisho. Isiyofungwa haizeeki. Tukaweka kikomo cha ukubwa, cha siku za kuandikwa na cha idadi. Hata hivyo voliumu za zamani ziliendelea na masharti yao ya zamani mpaka tulipozisasisha kwa amri, jambo ambalo mwongozo unalieleza na wengi hulipita.

Kilichonivutia ni ubahili wa programu yenyewe. Muda ukiisha haikimbilii kufuta. Yaliyomo hubaki kwenye diski mpaka nafasi itakapohitajika, ndipo inachukua voliumu kongwe kuliko zote, kama wachumaji wanavyorudi kwanza kwenye shamba lililopumzika zaidi.

Tukagawa mafungu: ya kila siku kwa wiki chache, ya mwisho wa mwezi kwa miezi kumi na minane. Hesabu za kodi zilipata fungu lake, kwa kuwa sheria ya 2015 inadai miaka mitano. Kisha sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ikaja na swali la upande wa pili: kwa nini bado mnayo?

Siku hizi nakala husafiri kwa faiba usiku na nafasi hukodiwa kwa mwezi. Diski haijai, bili ndiyo hujaa. Mhasibu hutaka siku tisini, mimi miezi kumi na minane. Nimejifunza kuahirisha kikao hicho mpaka bonasi itangazwe na foleni ifike mlangoni kwake.